Umeganda lakini haujafa: maswali yenu kuhusu msonobari wa baridi

Wasomaji wangu hamjambo. Toleo lililopita niliweka picha moja ya msonobari ulioelemewa na theluji kaskazini mwa Ufini, na chini yake nikaandika mistari miwili tu kwamba mti huu unabaki kijani hata baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Sikutegemea kabisa barua zingemiminika hivi. Nimezisoma zote, nyingine zimenigusa kweli kweli, nimechagua saba maana kurasa tulizopewa ndo hizi. Kwa ambao hawakuiona ile picha, mti wenyewe wataalamu wanauita Pinus sylvestris, Wafini wanauita mänty, Waswidi tall, Wanorwei furu na Warusi sosna. Kwetu jamii yake vitabuni ni msonobari, mtaani paini, na watu wa Iringa na Njombe wanasema misindano. Mimi niliishi miaka miwili Joensuu, mashariki ya Ufini, nikisomea misitu, kwa hiyo huu mti naupenda na sitaficha.

*Bwana Misitu, pole na kazi. Naishi Tampere mwaka wa nne huu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 7, juzi tunatoka shule akaniuliza mama mbona miti mingine yote imekuwa vipara lakini huu una majani, wenyewe hausikii baridi? Baba yake anasema ni ule utomvu, unafanya kazi kama maji ya rejeta yasiyoganda. Ni kweli? Alafu jirani yetu bibi wa Kifini leo anauita mänty, kesho petäjä, kesho kutwa honka, sasa ni mti mmoja au mitatu? – Mama wawili, Tampere*

Dada yangu, mwambie shemeji amewaza vizuri ila sio utomvu. Utomvu ni dawa ya kidonda, mdudu akitoboa gome au tawi likivunjika unatoka unaziba pale na yule mdudu unamzamisha humo humo. Baridi inazuiwa na kitu kingine kabisa, na kinaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, kinaanza mwezi wa nane wakati nyie bado mnaogelea ziwani. Mti unapima urefu wa usiku. Usiku ukianza kurefuka tu, hata kama joto bado lipo, mti unasimamisha kukua, kile kichipukizi cha juu kabisa kinajifunga ndani ya magamba yaliyopakwa utomvu, basi duka limefungwa. Baadae baridi za kwanza za mwezi wa tisa na wa kumi zikipiga inakuja hatua ya pili, ndani ya seli sukari inaongezeka, mafuta ya utando wa seli yanabadilika yasije yakakakamaa, na maji yanatoka nje ya seli kidogo kidogo yanaenda kugandia kwenye nafasi zilizo kati ya seli na seli. Siri iko hapo. Barafu ikijitengeneza ndani ya seli, seli imekwisha, imechanika. Ikijitengeneza nje, seli inasinyaa na kukauka na kubaki na sukari nyingi, haina tena maji ya kuganda. Kama umekulia pwani fikiria ng'onda. Samaki mbichi kesho ananuka, ng'onda anakaa miezi kwa sababu maji yametoka. Sindano ya mänty mwezi wa kwanza ni ng'onda aliye hai.

Na ujue hii ni maandalizi, wala mti haujaumbwa chuma. Tawi hilo hilo ukilikata mwezi wa saba likiwa bado linakua, ukaliweka kwenye friza nyuzi 10 tu chini ya sifuri, linakufa. Mwezi wa kwanza linavumilia 40 na zaidi. Mti ule ule! Ndo maana unaota mpaka huko Yakutsk Siberia ambako baridi inaweza kupita nyuzi 50 chini ya sifuri, na kwa misonobari yote duniani huu ndo umesambaa eneo kubwa zaidi, unaanzia Uskoti na Hispania unakwenda hadi mashariki ya Siberia.

Sasa mtoto akikuuliza kama unakula wakati wa baridi mwambie hapana, uko kijani ila jiko limezimwa. Tena hatari kubwa kwake sio giza la mwezi wa kumi na mbili, ni jua la mwezi wa tatu, maana mwanga unakuwa mkali wakati mizizi bado imebanwa na ardhi iliyoganda na hakuna maji ya kupandisha. Kwa hiyo sindano zinaupokea ule mwanga na kuugeuza joto zinautupa nje, hazitengenezi chakula, na vitundu vya kupumulia vimezama kwenye ngozi yenye nta nene vimefungwa. Ukichungulia kwa karibu mwisho wa baridi utaona ukijani umefifia, umeingia umanjano kidogo. Alafu joto likirudi tu jiko linawashwa na majani yako pale pale, wakati koivu, ule mti wa gome jeupe, ndo kwanza unaanza kutengeneza majani mapya. Kwenye nchi ambayo kiangazi ni kifupi hivyo na mchanga wenyewe hauna mbolea, kutunza majani ya mwaka juzi ni akiba kubwa sana.

Kuhusu majina, bibi jirani yako yuko sahihi na mti ni mmoja. Mänty ni jina la kawaida. Petäjä ni jina la zamani la mti huo huo, na honka mara nyingi ni ule mrefu mkongwe uliokomaa. Ukifa ukabaki umesimama, gome limedondoka lote, mbao imekuwa rangi ya fedha, unaitwa kelo, na kelo inaweza kusimama hivyo miaka mia na zaidi bila kuoza kwa jinsi ilivyojaa utomvu. Sisi tunasema kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na mgeni naye anadhani ni matunda matano. Watu wakiishi na mti kwa muda mrefu wanaupa majina kwa umri wake.

Mchukue mtoto mtafute msonobari mdogo wa kimo cha baba yake. Kila mwaka mti mchanga unatoa mzunguko mmoja wa matawi, yaani matawi kama manne matano yametoka pamoja kwenye shina kama spoku za baiskeli, alafu panakuja shina tupu, alafu mzunguko mwingine. Ahesabu mizunguko kutoka juu kushuka chini, aongeze miaka kama mitatu ya utoto ambayo haionekani vizuri pale chini, hiyo ndo miaka ya mti. Mtafutieni ule wenye miaka 7 awe nao.

*Kaka, mti uliopo uani kwetu hapa Oslo mwezi wa tisa ulianza kuwa wa njano kwa ndani, sindano zinadondoka kila siku nafagia, na mnasema eti haudondoshi majani. Unakufa? – Mfagiaji, Oslo*

Haufi. Kijani siku zote maana yake hauvui zote kwa mara moja. Kila sindano inaishi miaka miwili mpaka minne hivi, kaskazini kabisa zaidi ya hapo, na ikizeeka inadondoka, na hizo za zamani ndo zilizo ndani karibu na shina, kila mwaka wakati kama huo. Angalia ncha za matawi, kama ni kijani usiwe na wasiwasi. Ila ukiona zile za nje upande wa barabarani zimekuwa kahawia kuelekea mwezi wa nne, hiyo mara nyingi ni chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, magari yanairusha. Maji mengi ardhi ikishaachia yatasaidia.

*Habari Bwana Misitu. Mimi ni mkulima wa misindano hapa Mafinga, nina ekari 12. Kaka yangu yuko Uswidi anasema msindano wa kule mbao yake ni ngumu kuliko hii yetu kwa kuwa unakua pole pole, anataka kunitumia mbegu nichanganye. Huku kwetu nako baridi ipo, asubuhi mwezi wa saba unakuta barafu kwenye majani. Nipande? – Mkulima, Mafinga*

Ndugu yangu usipande, na sababu yenyewe sio baridi. Ni urefu wa siku. Miche ya kutoka kaskazini imezoea kiangazi chenye mwanga karibu masaa 20, ukiileta Mafinga ambako mwaka mzima mchana ni kama masaa 12 kasoro au na kidogo, mche utaona usiku ni mrefu utajua baridi inakuja, utafunga kichipukizi na kusimama. Kule kwenye vitalu wanafanya hivyo kwa makusudi, wanaifunika miche kwa pazia jeusi kufupisha mchana ili iache kukua ijiandae na baridi. Kwako pazia litakuwa limefunikwa mwaka mzima. Alafu vichipukizi vikishafunga vinahitaji wiki nyingi za baridi ya kweli ndo vikubali kufunguka, na barafu ya asubuhi moja moja ya Mufindi inayoyeyuka saa mbili haitoshi. Utapata mche wa goti unakukodolea macho mwaka wa tano.

Misindano yenu hapo, ile ya shamba la serikali la Sao Hill na ya wakulima wengi, ni Pinus patula, asili yake milima ya Meksiko. Kule siku hazipishani sana kama Ulaya kaskazini ndo maana imekubali. Kusini mwa Sahara hatuna msonobari hata mmoja wa asili, dunia nzima ni aina moja tu iliyovuka ikweta yenyewe bila kupandwa na mtu, nayo iko Sumatra. Kwa hiyo kila msindano wa kwetu ni mgeni, na mgeni anachaguliwa kwa makini. Kenya walishaumia na jambo hili, walipanda sana Pinus radiata wa California, ukaja ugonjwa wa fangasi wa sindano unaoitwa Dothistroma, majani yakakauka, na miaka ya 1960 wakalazimika kuuacha. Hiyo ndo sababu mbegu za miti haziletwi kwenye bahasha, zinatakiwa kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Mwambie kaka asikutumie kwa mtu anayesafiri, anaweza kuleta fangasi litakalomaliza ekari zako 12 na za majirani wote mpaka Makambako.

Ila kwenye ugumu wa mbao kaka yako ameona kitu cha kweli. Msonobari wa Ufini kusini unakatwa ukiwa na miaka 70 mpaka 100, Lapland, yaani kaskazini kabisa, zaidi ya hapo, na ukitazama kisiki miviringo imebanana, mingine huwezi kuhesabu bila lenzi. Mbao hiyo inasafirishwa mpaka Misri, wale ni wanunuzi wake wakubwa sana, milango na madirisha ya Cairo mengi yametoka huko. Norwei kuna kanisa la Urnes limejengwa kwa msonobari huu karne ya 12 na limesimama mpaka leo. Sasa wewe huna miaka 100 ya kusubiri na patula haikudai hivyo. Lakini nasikia na nimeona kwa macho yangu wakulima wanakata misindano ya miaka 9 au 10 kwa sababu ada ya shule imefika, dalali anakuja na bei ya kutupa, mbao yenyewe ikikauka inajikunja kama ulimi. Inaniuma sana. Kama unaweza, gawa shamba, ekari mbili tatu ziwe za shida za njiani, hizo nyingine pogoa matawi ya chini mapema, punguza iliyobanana, zifike walau miaka 18 mpaka 25. Ndani ya shina la msindano mbao ya utotoni ni laini na mbao ya utu uzima ndo ngumu, na hiyo ya utu uzima inaanza kuongezeka kwa nje baada ya miaka hiyo wanayoikatia wao.

*Bwana Misitu, sisi Mombasa tuna misonobari kibao pale ufuoni, ile mirefu yenye majani kama nywele inayolia upepo ukivuma. Kwa hiyo wa baridi na wa joto ni ndugu? – Bi Mkubwa, Nyali*

Hapana Bi Mkubwa, na hii nashukuru umeuliza maana nimebishana nayo hata na walimu. Ile ni mivinje. Chukua uzi mmoja wa kijani, uvute taratibu, utaachana vipande vipande kwenye vifundo, nadhani ulicheza hivyo utotoni, unaukata alafu unaurudishia mwenzio atafute ulipokatika. Sasa ule uzi sio jani, ni kijitawi, na majani yenyewe ni yale meno madogo sana yaliyozunguka kifundo, uyaone inabidi usogeze jichoni. Msonobari wa kaskazini ukiuvuta sindano zinatoka mbili mbili, zimeshikwa chini na kijisoksi kimoja cha kahawia, zimejisokota kidogo, urefu kama kidole kidogo cha mtoto. Mvinje ni mti wa maua, kwa ukoo uko mbali kabisa na msonobari, umetoka fukwe za Asia na Australia. Nao usiudharau, una vinundu kwenye mizizi vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndo maana mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kufufua machimbo ya saruji ya Bamburi, pale palipokuwa jiwe tupu jeupe, mvinje ulikuwa kati ya miti michache sana iliyokubali kuishi. Ndugu wa kweli wa msonobari Kenya mkitaka kumuona pandeni milimani mkamuangalie mtarakwa.

*Shikamoo. Mwalimu wetu wa jiografia alisema kuna watu Ulaya waliwahi kula mti huu. Darasa zima tulicheka. Ni kweli? – Kidato cha tatu, Dodoma*

Marahaba, ni kweli na haikuwa mchezo. Mbao hawakula. Walikula ile ngozi laini nyeupe iliyo kati ya gome na mbao, ambamo mti unapitisha sukari. Mwanzo wa kiangazi gome linaachia kirahisi, wanalibandua, wanaikwangua ile ngozi ya ndani, wanaikausha na kuichoma kidogo kwenye moto kuondoa ule ukali wa utomvu, wanaitwanga ikawa unga mwekundu mwekundu, wanauchanganya na unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, wanaoka mkate. Unga huo Wafini wanauita pettu. Nimeuonja, una uchungu na unabaki kwenye meno kama umekula mkeka.

Mwaka 1867 kule Ufini majira ya kuchipua hayakuja kwa wakati, barafu kwenye maziwa mengi ilikuwepo mpaka mwezi wa sita, kilichopandwa kimechelewa, alafu mwezi wa tisa baridi ikarudi ikaua nafaka kabla haijakomaa. Njaa ile ya 1866 mpaka 1868 pamoja na magonjwa yaliyofuata iliondoka na watu kama 150,000, ni kama mtu mmoja katika kila 12 nchini. Pettu ilikuwa chakula cha kujaza tumbo. Kwa upande wao Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa, walikuwa wanaila kila mwaka kama chakula cha kawaida sio cha njaa, ina vitamini C, tena walibandua upande mmoja tu wa mti wakauacha uishi, na makovu hayo bado yanaonekana kwenye misonobari ya zamani. Muulizeni mtu wa Lindi au Mtwara awaeleze kuhusu ming'oko, vile viazi vya porini, bibi zenu wana hadithi kama hizi hizi na pengine hamjawauliza.

*Bwana, mimi ni fundi wa majahazi hapa Lamu tangu ujana. Sisi tunatia kalafati, yaani tunaziba nafasi za mbao, kwa pamba na mafuta, chini tunapaka deheni ya chokaa na mafuta. Mjukuu wangu amenisomea kwamba meli za Wazungu wa zamani zilipakwa lami ya mti huo wa barafu. Lami gani hiyo, ndo hii ya barabarani? – Fundi, Lamu*

Shikamoo fundi. Sio ya barabarani, ile inatokana na mafuta ya ardhini. Hii ni lami inayokamuliwa mtini kwa moto na nafurahi wewe ndo umeuliza maana utaielewa kuliko sisi wote.

Kazi inaanza miaka kadhaa kabla. Mtu anachagua misonobari iliyo hai, anaibandua gome kwa hatua, mwaka huu sehemu ya chini, mwaka unaofuata anapanda juu kidogo, anaacha ukanda mmoja wa gome ili mti usife. Mti unajitibu, unasukuma utomvu kwenye lile jeraha mpaka mbao yote pale imelowa. Mwisho anaukata, anaupasua vijiti, anavipanga kwenye shimo kubwa la mviringo lililochimbwa kwenye mteremko, sakafu yake imeinama kuelekea katikati kama faneli. Juu anafunika kwa udongo wa majani na nyasi zenye mizizi, kama tanuru letu la mkaa kabisa. Moto unawashwa pembeni kuzunguka na kazi yote kuanzia hapo ni kuunyima hewa, ukiwaka wazi umepata majivu, ukiungua taratibu kwa siku kadhaa usiku na mchana lami inajikamua, inashuka katikati, inatoka kwenye bomba la mti huko chini mpaka kwenye pipa. Nyeusi yenye wekundu, nzito kama asali, na harufu yake fundi ukiinusa mara moja huisahau, moshi na utamu kwa pamoja.

Karne ya 17 hii lami ndo ilikuwa mali kubwa ya Ufini iliyokuwa chini ya Uswidi, manowari na meli za biashara za Ulaya haziendi bila hiyo, kamba, mbao, matanga ya kufunikia, vyote vinapakwa. Kutoka misitu ya Kainuu mapipa yalishushwa mtoni kwa mitumbwi myembamba mirefu ya zaidi ya mita 10, wanaruka nayo maporomoko mpaka bandari ya Oulu. Mwaka 1854 wakati wa vita vya Krimea, Ufini ikiwa chini ya Urusi, Waingereza waliokuwa wanapigana na Urusi waliingia Oulu wakachoma maghala ya lami. Mpaka leo wanapaka mapaa ya makanisa ya zamani na mashua za mbao, na ndani ya sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, wanapenda hiyo harufu. Wana msemo kwamba kama sauna, pombe na lami havijakuponya basi ugonjwa huo ni wa kifo. Fundi kama mjukuu atakuandikia, tuelezee na sisi deheni yako unaichanganya kwa vipimo gani, nitaichapa hapa, hiyo nayo isije ikapotea.

*Ndugu mwandishi, mdogo wangu alifariki Stockholm mwaka juzi, akazikwa huko huko kwa kuwa hatukumudu kumrudisha. Mke wake ametutumia picha, kaburi liko katikati ya miti mirefu yenye gome jekundu kwa juu, anasema mahali hapo panaitwa Skogskyrkogården. Mama yetu ana miaka 80 na kitu, ameishika hiyo picha kila siku anauliza, mwanangu yuko chini ya mti gani na je utakaa? – Kaka mkubwa, Kigoma*

Pole sana kaka, na mama mpe pole yangu. Nimekaa na barua yako siku tatu.

Mwambie mama mti ni huu huu. Jina la mahali hapo maana yake ni makaburi ya msituni. Mwaka 1915 wasanifu wawili, Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, walishinda shindano la kupachora, na walichofanya ni kuiacha misonobari isimame, makaburi wakayapanga katikati yake, mti ndo mkubwa jiwe dogo. Tangu 1994 pamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo sio mahali pa kukatwa miti kujengwa maduka.

Utakaa. Msonobari huu unaishi miaka 200 au 300 kwa kawaida, na Lapland umepatikana uliopita miaka 700. Ule wekundu alioona kwenye picha ni gome la juu, jembamba kama karatasi, linabanduka lenyewe na ukilishika linachakaa vidoleni, wakati la chini ni nene, kijivu, limepasuka kama tope lililokauka. Jua la jioni likipiga pale juu shina linawaka kama kaa la moto, na hii inatokea hata siku ya theluji. Nilikuwa nasimama dirishani kwangu Joensuu kuingoja hiyo dakika, nikiwa na upweke sana, na ilinisaidia. Upepo ukipita kwenye sindano unasikika kama mvua iliyo mbali, mama asidhani kuko kimya. Na mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja kuna siku ya kuwakumbuka marehemu wote, watu wanakwenda jioni kuwasha mishumaa makaburini, inakuwa maelfu kwa maelfu chini ya ile miti, kwa hiyo hata kama shemeji siku hiyo yuko kazini mdogo wako hayuko gizani.

Ufini mashariki zamani walikuwa na desturi, wakimpeleka maiti kaburini wanasimama njiani kwenye msonobari mmoja, wanakata baadhi ya matawi na kuchonga msalaba au herufi za jina kwenye shina, huo unakuwa mti wake. Wanauita karsikko. Siku hizi pale Stockholm hairuhusiwi kuchonga mti, na msifanye hivyo.

Ila kuna kitu kimoja shemeji anaweza kufanya akija kuwatembelea. Aokote koni moja iliyodondoka karibu na kaburi, iliyofunguka na kukauka, aikung'ute vizuri mbegu zote zitoke, maana mbegu haziruhusiwi bila kibali kama nilivyomwambia mkulima wa Mafinga, na akifika uwanja wa ndege aitoe aioneshe kwa watu wa karantini ya mimea. Wakimruhusu, mama aiweke kabatini. Koni hata ikiwa imekufa magamba yake bado yanasikia hewa, ikikauka yanafunguka, unyevu ukija yanajifunga. Kiangazi itakaa imefunguka kama ua, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza kunyesha hapo Kigoma ataiona inajifunga taratibu.